Nyuzi 98 kwa Wati 24: Kisa cha Kompyuta Iliyozidi Kuchemka Baada ya Sevisi

Malalamiko yenyewe hayakuwa mageni. Kompyuta mpakato ya kuchezea gemu inachemka, feni inanguruma, na ikifika dakika ya kumi hivi gemu inaanza kukwama: picha zinakuja kwa kudonoadonoa, sauti inakatika, na mara mojamoja mashine inajizima yenyewe. Mafundi wa Mtwara mjini tunazipokea sana mashine za namna hii kuanzia Oktoba, joto linapoanza kupanda, mpaka mvua zikolee. Kilichonifanya niweke kumbukumbu za hii moja ni maneno ambayo kijana mwenye mashine aliyatupa kwa kupita tu, huku anaitoa kwenye begi: "Na imezidi tangu ilipofanyiwa sevisi, fundi."

Nikamrudisha nyuma hapo hapo. Kabla ya sevisi ilikuwaje? Ilikuwa inapata moto, akasema, lakini gemu zilikwenda. Aliipeleka mahali isafishwe na kubadilishwa pesti, ile dawa ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na shaba ya kupozea. Ikarudi inang'aa kwa nje, lakini haichezeki. Alipolalamika akaambiwa prosesa imechoka, bora auze anunue nyingine.

Prosesa haichoki namna hiyo. Ikiharibika, mashine haiwaki, au inaganda ovyo hata ukiwa unaandika barua. Kifaa kilichokuwa kinacheza gemu Jumamosi hakianzi kuunguza vidole Jumanne kwa sababu ya uzee. Kukiwa na mkono wa mtu hapo katikati, unaanza kuutazama mkono huo.

Mashine ilikuwa na prosesa ya Intel Core i7-9750H, toleo la 2019, yenye viini sita (sehemu zinazopiga hesabu kwa pamoja), pamoja na kadi ya picha ya GTX 1650. Mama yake alimnunulia ikiwa imeshatumika, msimu mmoja ambao minada ya korosho ilikwenda vizuri. Mchana anafanyia kazi za chuo, jioni anacheza GTA V na gemu za mpira. Anakaa Chikongola, chumba cha bati kisicho na dari. Hilo la dari nililiandika pembeni, maana nilijua tutalirudia.

Alikuwa amekwisha kukusanya ushauri mwingi kabla ya kufika kwangu. Alinunua kile kibao chenye feni cha kuweka chini ya mpakato, karibu shilingi 40,000, na joto likashuka nyuzi moja au mbili, labda. Akaongeza RAM kutoka GB 8 hadi 16. RAM haipozi prosesa, ila kwa gemu anazocheza fedha hiyo haikupotea. Akaweka Windows upya. Na alikuwa njiani kununua chaja mpya, kwa hoja ambayo kwa kweli ilikuwa na akili ndani yake: "Nikichomoa chaja, kaka, inapoa. Kwa hiyo si chaja ndiyo inaipa moto?"

Uchunguzi wake ulikuwa sahihi, ila jibu alilolitoa humo halikuwa. Mpakato wa gemu ukitegemea betri hujibana wenyewe. Betri haiwezi kutoa umeme mwingi ambao chaja ya ukutani inatoa, kwa hiyo prosesa na kadi ya picha huwekewa kikomo cha chini, na gemu inakwenda kwa kujikokota hata kama hakuna joto. Chaja yake nilipoipima ilikuwa nzima. Alichokigundua bila kujua ni kwamba joto la prosesa linafuata wati zinazoingia ndani yake. Hilo ndilo jambo la kulishika, kwa sababu ndilo lililotufikisha kwenye kasoro.

Namba moja haitoshi

Wateja wengi huja na namba moja. "Inafika tisini na nane." Namba hiyo peke yake hainiambii kitu. Nyuzi 98 za prosesa inayomeza wati 70 ni mashine inayofanya kazi kwa nguvu zake zote. Nyuzi 98 za prosesa inayomeza wati 20 ni mashine mgonjwa. Ukiangalia joto bila wati, hizi mbili zinafanana kabisa, na ndiyo maana watu wanauziwa pesti ya bei mbaya wakati hawaihitaji, au wanaambiwa "ni kawaida ya mpakato wa gemu" wakati si kawaida hata kidogo.

Kwa hiyo nafungua HWiNFO, programu ya bure, na kuangalia mambo matatu kwa pamoja: joto, wati za prosesa, na kasi kwa gigahezi. La nne halimo kwenye kompyuta: kipimajoto cha ukutani. Siku ile karakana yangu ilikuwa nyuzi 31.

Ikiwa imewaka tu bila kazi, prosesa ilikaa kwenye nyuzi 57. Nikaanzisha Cinebench R23, jaribio linaloshughulisha viini vyote kwa wakati mmoja. Kabla hujakopesa macho mara mbili, joto lilishafika 98. Kasi ikaporomoka hadi gigahezi 2.3, na wati zikatulia kwenye 24. Kumbuka prosesa hii imeundwa kuhimili wati 45 mfululizo, na hata kasi yake ya msingi kabisa, bila turbo (ile kasi ya ziada inayojipandishia yenyewe), ni gigahezi 2.6. Yaani mashine ilikuwa inafanya kazi chini ya kiwango cha chini kilichoandikwa kiwandani, na bado inaungua.

Hapo ndipo gemu ilipokuwa inakwamia. Kikomo cha prosesa hii ni nyuzi 100. Ikikaribia hapo inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Isipotosha inazima mashine nzima. Kinga hii haikuwepo kwenye prosesa zote tangu mwanzo. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware walionyesha video ambayo shaba ya kupozea iling'olewa kompyuta zikiwa zinafanya kazi: Pentium 4 ya Intel ilipunguza kasi na kuendelea polepole, prosesa za Athlon za wakati ule, za AMD, zikatoa moshi. Leo zote zinajilinda. Kwa hiyo kijana alipoona gemu inadonoadonoa, alichokuwa anakiona ni kinga ikifanya kazi yake. Kuizima kinga hiyo kwa programu, kama wengine wanavyofundishana, ni kumnyamazisha mlinzi wakati mwizi yuko ndani.

Sasa nirudi kwenye ule mruko wa ghafla, kwa sababu kwangu huo ulikuwa ushahidi mkubwa kuliko namba zenyewe. Joto linasafiri kutoka kwenye kipande cha silikoni kwenda kwenye pesti, linaingia kwenye sahani ya shaba, linapita kwenye mabomba hadi kwenye mapezi, kisha feni inalipuliza nje. Kizuizi kikiwa mwisho wa safari, mathalani mapezi yamezibwa na vumbi, shaba yote kwanza inajaa joto taratibu. Utaona namba inapanda kwa dakika kadhaa, 75, 82, 88, 93. Kizuizi kikiwa mwanzoni, pale silikoni inapogusana na shaba, joto halina pa kwenda, na namba inaruka kwa sekunde moja au mbili huku mabomba bado yana ubaridi ukiyagusa. Namna joto linavyopanda inakuonyesha mahali pa kufungua kabla hujashika bisibisi.

Kulikuwa na dalili ya pili. Viini viwili vilikuwa nyuzi 98, kingine 83. Kutofautiana kwa nyuzi tano, hata nane, si kitu. Kumi na tano ni alama kwamba shaba imelala upande.

Nikaweka hesabu fupi ambayo napenda kuiandika kwenye kila mashine ya namna hii: joto la prosesa toa joto la chumba, gawanya kwa wati. Hapa ilikuwa 98 toa 31, sawa na 67. Gawa kwa 24, unapata karibu 2.8. Kila wati moja inainua joto kwa nyuzi 2.8. Mpakato wa gemu ulio mzima wa ukubwa huu mimi huukuta kwenye 1 na kitu, mara chache unafika 1.5. Uzuri wa hesabu hii ni kwamba haidanganywi na kiyoyozi wala na msimu. Mtu wa Ujerumani anayeonyesha kwenye video mpakato wake ukicheza kwa nyuzi 78 yuko kwenye chumba cha nyuzi 21. Uleule ukiletwa Mtwara mchana wa Desemba utasoma karibu 90, bila kuharibika chochote. Wengi wanaojilinganisha na video hizo wanatibu hali ya hewa.

Ndani

Nilianza na vumbi, ingawa dalili zilielekeza kwingine, kwa sababu nilitaka kila marekebisho yaonekane peke yake kwenye namba. Ukisafisha, ukabadilisha pesti na pedi kwa mkupuo mmoja, mashine ikipona hujui kilichoiponya, na ikirudi tena unaanza upya.

Sevisi iliyofanywa ilikuwa ya brashi kwa nje. Matundu ya chini yalikuwa safi, feni zimefutwa. Lakini vumbi baya halikai kwenye matundu. Linakaa kati ya feni na mapezi, mahali ambapo huoni mpaka utoe feni yenyewe, na huko linashikana na nyuzi za nguo na unyevu wa pwani kuwa kitu kama blanketi jembamba. Nilikuta blanketi hilo upande mmoja, limefunika karibu nusu ya mapezi. Nikalitoa kwa kibano, halafu bloa, nikiwa nimezuia mabawa ya feni kwa kidole. (Ukipuliza feni ikazunguka kwa kasi isiyo yake unaweza kuua beringi, na watu wanaipenda sana ile sauti ya kuzunguka.) Kwenye shaba kulikuwa na ukijani kidogo pembezoni, chumvi ya bahari hiyo, si ya kutisha. Mashine zinazotoka nyumba za Shangani zilizo karibu na maji nimeziona na hali mbaya zaidi.

Nikafunga, nikapima tena. Nyuzi 97, wati 28. Kutoka 2.8 tumeshuka hadi karibu 2.4. Vumbi lilikuwa na mchango wake, lakini mruko wa ghafla ulibaki vilevile, na tofauti ya viini ikabaki vilevile.

Basi nikanyanyua shaba.

Pesti ilikuwa mpya na ya kutosha, tena ya kutosha mno. Upande mmoja wa silikoni ilikuwa imebanwa ikawa nyembamba inavyotakiwa. Upande wa pili ilikuwa nene, na alama za bomba la sindano lililoitoa bado zinaonekana, maana yake shaba haikuwahi kuigandamiza. Kilichoizuia kilikuwa pembeni: pedi. Kwenye mpakato wa gemu, shaba ileile inayopoza prosesa hupoza pia vipande vinavyoilisha prosesa umeme na kumbukumbu za kadi ya picha, na hivyo havipakwi pesti bali vinawekewa vipande laini vya mpira maalumu vinavyopitisha joto. Aliyefanya sevisi alizitoa pedi za zamani, pengine zilichanika, akaweka mpya za bluu. Unene wake milimita 2. Kipande kidogo cha ile ya kiwandani, kilichokuwa kimeng'ang'ania chini ya koili moja, hakikufika hata nusu ya hapo.

Shaba hiyo ilikaa kama sufuria juu ya mafiga ambayo moja ni refu kuliko mengine. Skrubu zilikazwa zote, kwa macho kila kitu kimefungwa, lakini kona moja ilikuwa inaelea juu ya silikoni kwa upana wa nywele kadhaa. Pengo hilo likajazwa pesti.

Na hapa ndipo imani ya "weka pesti nzuri zaidi" inapoishia. Shaba hupitisha joto karibu mara elfu kumi na tano kuliko hewa. Pesti nzuri iko katikati: ni bora kuliko hewa mara mia kadhaa, lakini bado ni duni kuliko shaba mara arobaini au hamsini. Kazi yake ni kufukuza hewa kwenye mikwaruzo isiyoonekana kwa macho. Ikigeuzwa kuwa tabaka, inakuwa blanketi jingine, hata kama imeandikwa dhahabu kwenye boksi. Pesti ya bei ya chini iliyobanwa sawasawa hushinda ya bei kubwa iliyoelea, na nimeshaona hivyo mara nyingi kiasi kwamba mteja akiniuliza "unatumia pesti gani" kabla ya kuniuliza kitu kingine, najua tutakuwa na mazungumzo marefu.

Swali likawa ni unene gani wa pedi unaotakiwa. Mtengenezaji hakuandika popote pale nilipotafuta. Njia ninayoiamini haina gharama: udongo laini wa kuchezea watoto, ule wa rangi. Unafinyanga vidonge vidogo, unaviweka juu ya plastiki nyembamba kwenye kila kipande kinachotakiwa kuguswa na pedi, bila pesti kwenye prosesa, unafunga shaba na kukaza skrubu hadi mwisho, unafungua, unapima kilichobaki kwa kalipa. Sehemu nyingi zilitoa karibu milimita 0.9; mbili zilitoa 0.4. Pedi laini hutakiwa kubonyea kidogo, kwa hiyo nikaweka za milimita 1 na za 0.5. Baada ya hapo nikaweka pesti kidogo, nikafunga, nikafungua tena bila kuwasha, ili nione chapa. Ilikuwa imesambaa nyembamba pande zote mbili. Nikafuta, nikapaka ya kudumu, na kukaza skrubu kwa kufuata namba zilizochongwa kwenye shaba yenyewe, 1 hadi 4, kila moja kidogokidogo kwa zamu. Namba hizo ziko pale kwa sababu, na karibu kila mtu anazipuuza.

Nilichagua pesti nzito badala ya laini. Kwenye mpakato silikoni iko uchi, haina kifuniko cha chuma kama prosesa nyingi za kompyuta za mezani, na kila inapopata moto na kupoa pesti laini inasukumwa pembeni, hadi baada ya miezi katikati panabaki pakavu. Kuna karatasi za Honeywell PTM7950 zinazowekwa badala ya pesti, ambazo zinalainika kwenye nyuzi 45 hivi na kujikalia sawasawa, na kwa kazi hii ningezipendelea. Ila nisipoweza kuhakikisha kwamba nilicholetewa ni chenyewe, simwekei mteja.

Kipimo cha tatu: nyuzi 87, wati 45, chumba 31. Hesabu ikatoa 1.24. Tofauti kati ya kiini chenye moto zaidi na chenye ubaridi zaidi ikawa nyuzi nne. Na namba ilipanda taratibu badala ya kuruka.

"Lakini bado 87"

Kijana alipokuja hakufurahi nilivyotarajia. Aliitazama 87 akasema, "Sasa fundi, imeshuka kumi na moja tu?" Hapo nikamwonyesha safu ya wati. Mwanzoni 98 ilikuwa ya wati 24. Sasa 87 ni ya wati 45, karibu mara mbili ya kazi, na kasi ya viini vyote imetoka gigahezi 2.3 hadi 3.2. Ningeilazimisha ifanye kazi ndogo kama ile ya mwanzo ingesoma kama 61. Akakaa kimya akipiga hesabu mwenyewe kwenye simu, na namba ikamtokea ileile.

Hata hivyo wasiwasi wake haukuwa wa kupuuzwa. Prosesa yenyewe itavumilia nyuzi 87 bila shida, na 90 pia. Wanaoumia ni majirani zake: betri ya lithiamu iliyo chini ya kiganja, ambayo joto la kudumu huila uwezo na mwisho kuivimbisha, na feni, ambazo zikizungushwa kwa kasi ya juu saa nyingi kila siku beringi zake zinaisha. Kwa hiyo tulikuwa bado na sababu ya kushusha, ila safari hii kwa kuipunguzia prosesa kazi isiyo na faida.

Nilimwomba aicheze gemu yake pale pale. GTA V ilikwenda fremu (yaani picha) 85 hadi 100 kwa sekunde. Skrini yake ni ya hezi 60, yaani inaonyesha picha 60 tu kwa sekunde. Fremu zote zilizozidi 60 zilikuwa zinapikwa, zinalipiwa kwa joto, halafu hazionekani. Nikaweka kikomo cha fremu 60 kwenye paneli ya NVIDIA, watengenezaji wa kadi hiyo, setingi iliyopo tangu madereva (programu za kuendeshea kadi) ya Januari 2020. Hatua hiyo peke yake ilipunguza mzigo wa prosesa na wa kadi ya picha kwa pamoja, na hapa pamoja ni neno la maana, kwa kuwa mabomba ya shaba wanayatumia wote wawili. Moto wa kadi unarudi kumchoma jirani.

Kisha turbo. Prosesa hii inaruhusiwa kuruka hadi gigahezi 4.5, na inazipenda sana kasi za juu hata pale gemu haizihitaji. Tatizo ni kwamba kasi ya juu inadai volti kubwa, na wati zinakua kwa mraba wa volti: punguza volti kwa sehemu moja ya kumi, wati zinashuka karibu sehemu moja ya tano kabla hata hujahesabu kasi yenyewe. Wengi wanafanya njia ya mkato ya Windows, kuweka kiwango cha juu cha prosesa asilimia 99, ambayo inazima turbo yote. Inafanya kazi, ila inairudisha kwenye 2.6, na kwa GTA katikati ya mji wenye watu na magari hiyo ni ndogo. Fremu zinaanza kushuka chini ya 60 mahali ambapo mchezaji anazihitaji zaidi. Nikatumia ThrottleStop, programu ya kudhibiti kasi ya prosesa, kuweka kikomo cha viini vyote kwenye 3.4. Akacheza hakuona tofauti yoyote, na kwa kweli hapakuwa na ya kuona.

Aliuliza kuhusu kupunguza volti moja kwa moja, kaona video. Kwa prosesa za kizazi hiki ilikuwa dawa nzuri sana. Lakini Desemba 2019 watafiti walitangaza Plundervolt, mbinu ya kuchezea volti ili kuiba siri zilizofichwa ndani ya prosesa za Intel, na watengenezaji wakatoa BIOS mpya (programu ya msingi inayoiwasha mashine) zinazofunga mlango huo. BIOS ya mashine yake ilikuwa mojawapo. Kurudisha BIOS ya zamani kunawezekana kwa baadhi ya mashine, mimi nilikataa. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo na betri yake ikiwa na miaka, anarudi nyumbani na kitu cha kuegeshea mlango.

Nikamwomba apime kwao, jioni ya kawaida, asibadilishe chochote. Akanitumia picha: chumba nyuzi 34 saa kumi na moja jioni, prosesa 88 wakati wa gemu. Mpakato ulikuwa juu ya kitanda, juu ya kitenge. Na pembeni, kwenye picha ileile, chupa ya maji ya barafu iliyoegemezwa kwenye mpakato upande wa kutolea hewa.

Chupa ile ilinitisha kuliko namba zote. Angeitazama tu jinsi ilivyokuwa inatiririka jasho, angeona. Hewa ya pwani yetu miezi ya joto ina unyevu mwingi kiasi kwamba kitu chochote chenye nyuzi 24 kwenda chini kinashika maji, na kompyuta inayonyonya hewa pembeni ya chupa ya barafu inanyonya ukungu. Joto humpunguzia mtu fremu. Maji kwenye mazabodi humpunguzia kompyuta. Nilimpigia simu badala ya kuandika.

Mengine yalikuwa mepesi. Meza badala ya kitanda. Vipande viwili vya mbao chini ya upande wa nyuma, ili matundu ya chini yapate nafasi ya kuvuta hewa. Kile kibao chenye feni akakiweka kando, maana mbao zilifanya kazi nzuri zaidi bila kelele. Feni ya mezani aielekeze dirishani itoe moto wa chumba, isiupulize mpakato hewa ileile ya nyuzi 34. Na gemu nzito azisogeze baada ya saa tatu usiku, bati likishapoa. Chumba kikishuka nyuzi sita, prosesa nayo inashuka takriban sita, bure. Mbinu hiyo huipati kwenye video za Ulaya kwa sababu wao hawana bati linalowaka mchana kutwa juu ya vichwa vyao. Picha ya usiku ilikuja: chumba 28, prosesa 76, fremu 60 zimenyooka.

Limebaki jambo moja. Vumbi lilipotoka na feni zikapata kuzunguka kwa uhuru, ya kulia ilianza kutoa mkwaruzo kila inapopanda kasi. Beringi imeliwa; haikufa, ila inakwenda. Feni mpya ameiagiza Dar es Salaam kwa namba iliyo kwenye kibandiko cha feni yenyewe, si kwa jina la kompyuta, kwa sababu modeli moja ya mpakato hutoka na feni za aina mbili au tatu ambazo hazikaliani. Ikifika nitaibadilisha. Kwenye mashine hii feni inatoka bila kunyanyua shaba, kwa hiyo pesti na pedi hazitaguswa.